Mfuko wa Vumbi

Daktari alikuwa hajamaliza hata kulitamka sawasawa neno vumbi Nyamongo alipoinuka, akachukua kofia yake na kutoka nje. Hakuomba radhi wala hakugeuka nyuma. Edinah aliusikia mlango ukijifunga, kisha akamwangalia daktari, uso ukimwaka kwa aibu.

"Utamsamehe mume wangu, daktari. Hospitali zinamsumbua tangu..."

"Tangu lini, mama?"

Mapajani mwa Edinah alikuwa amelala Kemuma, kitinda mimba wake, msichana wa miaka sita, kinywa wazi. Jana yake, Jumapili baada ya kanisa, mbavu za mtoto huyo zilikuwa zikiingia ndani kila alipojaribu kuvuta pumzi, na kifua kilipiga mluzi ambao Edinah aliutambua mara moja, kama mtu anavyoitambua sauti ya adui wake kutoka chumba cha pili. Sasa, baada ya dawa, Kemuma alipumua kama watoto wengine. Hata hivyo mama yake alikuwa bado anahesabu kila pumzi.

"Tangu dada yake," akasema. "Loice. Alikuwa na miaka tisa. Mwaka juzi, mwezi wa kumi, kifua kilimbana mchana, akafia njiani akiletwa huku Kisii. Mimi nilikuwa kazini Nyamira. Baba yake ndiye aliyekuwa naye. Sisi tulidhani ni baridi ya Nyansiongo tu, daktari. Kwetu huko kila mtoto anakohoa."

Daktari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, aliweka kalamu mezani. Akasema pole, na ilikuwa pole ya kweli. Kisha akaeleza kwamba ugonjwa huo ni pumu, kwamba mara nyingi hutembea katika ukoo mmoja, na kwamba kuna vitu vinavyouamsha. Akauliza kuhusu mbwa, kuhusu moshi, kuhusu magodoro. Alipouliza kuhusu sakafu, Edinah akasema wana zulia sebuleni, kubwa, limepigiliwa misumari kutoka ukuta hadi ukuta.

"Liondoeni. Kama haiwezekani, tafuteni mashine ya kufyonza vumbi. Lakini kuanzia leo ufagio mkavu usiguse zulia hilo mtoto akiwa karibu. Ufagio hauondoi vumbi. Unalitoa sakafuni na kulipeleka kifuani."

Akampa Edinah kikopo cha dawa ya kupuliza kinywani, akamfundisha namna ya kumshikia mtoto, akamwambia kisikae mbali naye hata siku moja.

Nyamongo alikuwa amesimama chini, karibu na lango la hospitali, kofia bado mkononi. Edinah alipomweleza maneno ya daktari, alitikisa kichwa tu. Walipopita Keumbu wakirudi nyumbani, aliinamisha uso kama alivyofanya kila mara kwa miezi kumi na sita. Hapo, mbele kidogo ya soko, ndipo Loice alipokata roho.

*

Nyumba yao ilikuwa imejengwa na setla mmoja kabla ya Uhuru. Baba yake Nyamongo aliipata pamoja na ekari zake wakati mashamba ya Borabu yalipokatwakatwa na kugawiwa wananchi. Ilikuwa nyumba ya mawe, yenye meko makubwa ya ukutani na sakafu ya mbao ambayo kwa miaka mingi ilikuwa imeachana hapa na pale, ikawa upepo wa nyanda za juu unapenya kutoka chini na kuwapuliza watu miguuni wakila. Ndiyo sababu Nyamongo alinunua lile zulia la rangi ya kahawia, akalipigilia kwa mikono yake mwenyewe, msumari kwa msumari. Tangu siku hiyo watoto walicheza, walisoma na hata kusinzia juu yake.

"Tulitoe," Edinah akasema jioni ile.

"Sakafu hiyo ni barafu. Utamtoa mtoto kwenye vumbi umtie kwenye baridi?"

"Daktari amesema..."

"Daktari amesema pia mashine. Tununue mashine."

Edinah alishangaa. Mumewe hakuwa mtu wa vitu. Ng'ombe wake wa maziwa, mahindi yake, mikutano ya chama cha ushirika, hayo yalimtosha. Hata redio ya nyumbani ilinunuliwa na Edinah. Lakini hakutaka kubishana. Kwa muda mrefu mazungumzo yao yalikuwa kama njia ya shambani wakati wa mvua: mtu hupita kwa kuchagua pa kukanyaga.

Ofisini Nyamira, Edinah alikuwa karani wa masijala. Mwenzake wa meza ya pili, aliyekuwa na dada Nairobi, alimpa ushauri bila kuombwa. "Usikubali kuuziwa ya mfuko. Mifuko ikiisha, utaitafuta mpaka uchoke. Siku hizi kuna isiyo na mfuko. Vumbi linaingia kwenye chombo cha plastiki, unalimwaga, unaosha, unaendelea. Na unaliona! Unajua kabisa umelitoa."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomwingia Edinah. Kuliona. Alitaka kulitazama lile lililomwua mtoto wake, alishike, alimwage. Akarudi nyumbani na uamuzi kamili kichwani.

"Ya mfuko," Nyamongo akasema, bila kuinua macho kwenye sahani.

"Mifuko yenyewe utaipata wapi? Nyansiongo? Keroka?"

"Itapatikana."

"Kwani isiyo na mfuko ina ubaya gani?"

"Sina la kusema juu ya ubaya wake. Nimesema ya mfuko."

*

Jumamosi walikwenda Kisii, wakamwacha Kemuma kwa shangazi yake Persis, dadake Nyamongo aliyekuwa na duka la nafaka Keumbu. Duka la Kirit lilikuwa kwenye barabara kuu, lenye majiko, pasi, redio na sufuria zilizoning'inia hadi mlangoni. Siku hiyo Kirit alikuwa amekwenda Kisumu, na nyuma ya kaunta alikuwepo mkewe, Urmila, mwanamke mwembamba mwenye nywele zilizoanza mvi, aliyezaliwa mtaa huohuo na kuzungumza Ekegusii kama akina mama wa sokoni.

"Bwakire, Mama Kemuma," akamsalimu Edinah, maana walijuana. Kisha akabadili kwa Kiswahili kwa heshima ya mwanamume. "Karibu, baba. Za siku nyingi?"

Edinah akaeleza shida yao. Urmila alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaleta mashine mbili kutoka stoo. Moja ilikuwa nyeusi, nene, yenye magurudumu madogo na bomba refu; ndani yake, alipoifungua kifuniko, kulikaa mfuko wa karatasi mwepesi, umekunjwa. Ya pili ilikuwa imesimama wima, kijivu, na tumboni ilikuwa na chombo cha plastiki kinachoonyesha kila kitu kama chupa ya maji.

"Hii ni mpya," akasema. "Shemeji yangu alituletea kutoka Uingereza. Kisii nzima hakuna nyingine."

Alivuta ndani kile kitambara kikubwa cha mlangoni ambacho wateja hufutia miguu. Akawasha ile nyeusi kwanza, akaipitisha nusu ya kitambara. Ilinguruma, kitambara kikabadilika rangi, basi. Hakuna kingine kilichoonekana. Kisha akawasha ile ya kijivu.

Mara vumbi likaanza kucheza ndani ya plastiki. Lilizunguka kwa kasi, jekundu, pamoja na nywele na vipande vya majani, likipanda na kujipiga kwenye kuta za chombo, likawa kama kitu kilicho hai kinachotafuta pa kutokea. Edinah aliinama karibu. Moyo ulikuwa ukimwenda mbio kwa furaha ambayo hakuitarajia.

"Ona, Baba Kemuma! Ona lilivyo jingi!"

Alipogeuka, alimwona Nyamongo ameushika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili, midomo imemkauka. Alikuwa akilitazama lile vumbi kama mtu aliyeitwa kutambua maiti. Kisha akaachia kaunta na kutoka nje, akizigonga sufuria za mlangoni kwa bega.

Urmila akazima mashine.

"Baba anaumwa?"

"Hapana. Ni... tulimzika mtoto."

"Nakumbuka," Urmila akasema. "Njoo nyuma hapa, mama, nikuonyeshe jambo moja kabla hujaamua."

Walitoka kwenye ua mdogo nyuma ya duka. Urmila alikitoa kile chombo cha plastiki, akajifunika pua kwa ncha ya sari, akakipindua juu ya pipa la taka na kukigonga mara tatu. Wingu likainuka. Lilikaa hewani mbele yao bila haraka, likawaingia machoni na kooni. Edinah alikohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Umeona? Mimi ni mwenye duka, kazi yangu ni kuuza, na hii ya kijivu ndiyo ya bei. Lakini kwa mtoto wa kifua, sikuuzii. Ulilokusanya saa nzima linakurudia usoni kwa dakika moja. Mume wangu ana pumu tangu utotoni. Kwangu tunatumia ya mfuko. Ukijaa, unautoa polepole, unautupa ukiwa umefungwa, kwisha."

"Na mifuko ikiisha?"

"Ndani ya boksi iko mitatu. Mingine itakuja na mzigo wa Nairobi, nitakuwekea. Lakini nisikilize: usiufungue wa zamani ukautumia tena. Watu wanafanya hivyo. Usifanye."

Edinah akajifuta uso, akatoka mbele kumtafuta mumewe.

Alimkuta mwisho wa baraza, ameegemea nguzo. Watu walipita na mizigo yao ya ndizi na sukuma, wakimzunguka. Alipoanza kusema hakumtazama.

"Mama Kemuma, siku ile nilikuwa nafagia."

Edinah hakuelewa mara moja.

"Wazee wa kanisa walikuwa waje saa kumi. Nikasema usije ukatoka kazini ukute nyumba chafu. Shule ilikuwa imefunga nusu muhula, Loice alikuwa pale kwenye zulia anasoma. Ule ufagio wa ndani haukuwa unatoa kitu. Nikaenda zizini nikachukua ule mgumu, nikalipiga zulia. Nililipiga sana. Vumbi likajaa hadi sikuuona ukuta wa pili. Akaniambia, 'Baba, kifua.'" Nyamongo aliishika nguzo. "Nikamwambia, ngoja kidogo nimalize upande huu."

Kilichomtoka Edinah kinywani kilikuwa swali ambalo mpaka leo hajui lilitoka wapi.

"Upande huo ulikuwa mkubwa kiasi gani?"

Naye akajibu, kama shahidi anayeulizwa vipimo. "Kutoka mekoni hadi dirishani."

Edinah alikuwa akiijua nafasi hiyo vizuri. Hatua saba. Alisimama pale barazani akazipiga hatua hizo kichwani, moja moja, akimwona mtoto kwenye kona akingoja kwa utiifu, maana Loice alikuwa mtoto wa kutii. Kisha akarudi dukani peke yake, akanunua mashine nyeusi. Kama aliichagua kwa ajili ya kifua cha Kemuma, au kwa sababu hakuweza tena kuvumilia kuliona lile vumbi likizunguka, hata yeye mwenyewe hakuweza kusema.

*

Tangu siku hiyo Edinah alilala chumbani kwa Kemuma. Alisema ni kwa ajili ya kumchunga mtoto, na Nyamongo hakuuliza.

Aliyajua yote ambayo mtu mwenye haki angejiambia. Alijua kwamba wakati ule hakuna hata mmoja wao aliyewahi kusikia kuwa vumbi linaweza kuua. Alijua kuwa yeye mwenyewe alikuwa amelifagia zulia lile mara mia, Loice akiwa palepale. Alijua mumewe alishika ufagio kwa kumhurumia yeye. Yote hayo aliyapanga vizuri kama mafaili ya ofisini, na kila alipomaliza kuyapanga, lile neno ngoja lilikuja likayamwaga chini. Na tena, miezi kumi na sita! Nyamongo alikuwa amelala kando yake miezi kumi na sita, amekula chakula chake, ameliweka jambo hilo moyoni, akamwacha mkewe amlaumu Mungu na baridi ya Nyansiongo.

Mashine ilifanywa kuwa kazi ya Nyamongo. Kila Jumamosi asubuhi, Edinah alimpeleka Kemuma bustanini, naye Nyamongo akafunga mlango na kuiwasha. Kutoka nje waliusikia mngurumo ukienda na kurudi, ukienda na kurudi, polepole, zaidi ya saa nzima. Hakuacha hata inchi moja. Umeme ulipokatika, alikaa kwenye kiti akingoja urudi, bomba mkononi. Mfuko wa kwanza ulipojaa, aliutoa kama mtu anayebeba yai, akauzika shimoni mbali na nyumba.

Na Kemuma akawa na nafuu. Machi ikapita bila kifua kubana, na Aprili pia. Alianza kukimbizana na ndama. Edinah alishukuru moyoni, lakini shukrani hizo hakumfikishia aliyestahili.

Mwishoni mwa Mei, mfuko wa tatu ukajaa. Mvua za mwaka ule zilikuwa zimeikata barabara mahali pengi. Edinah alimpigia Urmila simu kutoka ofisini.

"Mzigo umekwama Narok, mama. Ngoja wiki moja, labda mbili. Na tafadhali, ule wa zamani..."

"Nakumbuka," Edinah akasema.

Wiki moja ikapita, halafu ya pili. Zulia likaanza kupoteza rangi. Jumamosi ya pili Kemuma alikohoa asubuhi, kikohozi kidogo tu, na kikohozi hicho kikamtia mama yake hofu. Nyamongo alikuwa kwenye mkutano wa ushirika. Edinah akamlaza mtoto baada ya chakula cha mchana, akafunga mlango wa chumba, akatoa mfuko uliojaa na kuupeleka nyuma ya nyumba karibu na shimo la taka. Alikuwa na wembe, na stepla aliyoitoa kazini. Angeukata upande mmoja, aumwage, aupige pini, autumie mara moja tu hadi mzigo ufike. Upepo ulikuwa umetulia. Alikuwa amejifunga leso puani. Alidhani amefikiria kila kitu.

Vumbi lile halikumwagika kwa hiari. Lilikuwa limeshikamana na nywele kama pamba chafu, ikambidi aushike mfuko kwa chini na kuukung'uta. Alikuwa amekung'uta mara nne au tano aliposikia sauti nyuma yake.

"Mama, unafanya nini?"

Kemuma alikuwa amesimama kwenye pembe ya nyumba, miguu mitupu, hatua chache tu.

"Rudi ndani!" Edinah akasema. Na kwa kuwa mfuko ulikuwa umebakia kidogo tu kuwa mtupu, akaukung'uta mara mbili zaidi.

Ndipo upepo ukaja. Haukuwa upepo wa kutisha, ni ule wa kawaida unaopanda kutoka kwenye mashamba ya chai saa kama hizo. Ulilibeba wingu zima la kijivu na kulipitisha juu ya kichwa cha mtoto.

Kabla hawajafika mlangoni mluzi ulikuwa umeanza. Edinah alikimbilia kikopo cha dawa, kikamponyoka, kikaanguka chini ya kabati. Alikuwa amelala kifudifudi akikipapasa aliposikia viatu vya mpira sebuleni. Nyamongo alikuwa amerudi. Alimwinua Kemuma, akamketisha gotini mgongo ukiwa wima, akapokea kikopo, akampulizia dawa huku akihesabu kwa sauti tulivu, "Moja... shikilia, mama yangu. Mbili... shikilia." Mikono yake haikutetemeka hata kidogo. Baadaye Edinah alitambua kwamba huenda alikuwa amelifanyia tendo hilo mazoezi peke yake, siku baada ya siku.

Walimchukua kwa gari la maziwa hadi zahanati. Muuguzi akamchoma sindano. Ilipotimia saa kumi na mbili jioni, mbavu zilikuwa zimetulia, na Kemuma alikuwa akidai apewe uji.

Muda wote huo Nyamongo hakumwuliza mkewe swali lolote. Na hakuwa na haja ya kuuliza. Mfuko uliokatwa alikuwa ameuona alipopita, na vumbi lilikuwa juu ya Edinah mwenyewe, kwenye nyusi, kwenye kola, limemfanya mweupe kama mzee. Waliporudi nyumbani, mtoto amelala begani, Nyamongo alimweka kitandani, akaenda jikoni, akarudi na beseni la maji ya moto na kitambaa. Akapiga magoti mbele ya kiti alichokalia mkewe. Akaanza kumfuta uso.

Edinah alimwacha afute. Maji ya kwanza yalipokuwa machafu, Nyamongo akaenda kuleta mengine.

"Nilimwona," Edinah akasema hatimaye. "Nilimwona amesimama pale. Nikakung'uta mara mbili zaidi."

"Najua."

"Unajuaje?"

"Kwa sababu ulitaka kumaliza." Akakamua kitambaa. "Mtu akiwa na kazi mkononi, anataka kuimaliza."

Hapo ndipo Edinah alipolia, kilio ambacho hakuwa amelia hata siku ya mazishi, wakati watu walikuwa wengi na yeye ndiye aliyehesabu viti. Alimshika mumewe shingoni kwa mikono yenye vumbi. Alisema maneno mengi kwa Ekegusii, mengine hayakuwa na mpango. Moja aliloliweka wazi ni kwamba amemkosea kwa kumwacha peke yake na jambo lile miezi hii minne. Nyamongo akasema naye alimkosea kwa ile kumi na sita. Hawakujaribu kupima lipi lililokuwa zito zaidi.

*

Wiki iliyofuata Kemuma alipelekwa tena kwa Persis, Keumbu, akakae siku saba. Edinah aliomba ruhusa kazini. Walilowesha zulia kwa ndoo za maji hadi likawa zito kama ngozi ya ng'ombe, wakajifunga vitambaa vibichi puani, wakaanza kung'oa misumari kutoka pembe ya meko. Ilikuwa imeshika kutu. Nyamongo aling'oa, Edinah akaikusanya kwenye kopo. Walilikunja zulia vipande vinne na kuviburuta nje kimoja kimoja bila kuongea.

Mbao za chini walizisugua kwa sabuni mara tatu. Nyufa Nyamongo aliziziba kwa vipande vya mti na gundi, kazi iliyomchukua siku mbili. Mifuko ya Urmila ilifika mwezi wa saba, pakiti nzima, na mashine ikaendelea kutumika kwenye magodoro na makochi, mara moja kwa wiki. Kemuma hakupona pumu; daktari alikuwa amewaambia wasitarajie hilo. Lakini alikua nayo. Alivaa soksi mbili ndani ya nyumba, akalalamika juu ya baridi, akaenda shule na kikopo chake kwenye mfuko wa sketi.

Siku ya mwisho ya kazi ile ya sakafu, mchana, walikaa chini kwenye mbao zilizokuwa bado na unyevunyevu, migongo ukutani, kila mmoja na kikombe cha chai. Chumba kilikuwa kikubwa kuliko walivyokizoea na sauti zao zilirudi kutoka kwenye kuta.

"Hujawahi kuniambia habari za kwenye gari," Edinah akasema.

Nyamongo alizungusha kikombe mkononi. "Alikuwa mapajani mwangu. Jirani aliendesha kama mwendawazimu. Tulipopita Keroka akaniuliza, kwa shida, neno moja moja: 'Mama akirudi asitukute, atajua tuko wapi?' Nikamwambia nimekuachia ujumbe. Sikuwa nimeacha ujumbe wowote."

"Akasemaje?"

"Akasema, sawa."

Edinah aliweka kikombe chini. Akamwomba amsimulie tangu mwanzo, tangu walipotoka langoni, na asiruke kitu. Nyamongo akasogea karibu naye, akaanza.